Maswali ya wapiga pedeli: kiatu kwanza, pedeli baadaye

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu pedeli za kunasa na tangu hapo meseji hazijakatika, kwahiyo leo ukurasa wote ni wa hilo. Kwa ambaye hajawahi kuziona: ni pedeli yenye mdomo wa springi, chini ya soli ya kiatu unafunga kipande kidogo cha chuma au plastiki kinaitwa kliti, ukikanyaga inalia tak, umenasa, na ukitaka kutoka unasokota kisigino kwenda nje. Basi, twende.

Habari za kazi kaka. Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa Dom kutoka Dar, naishi Nkuhungu na ofisi iko Mji wa Serikali, Mtumba. Nimenunua baiskeli ya resi iliyotumika, imekuja na pedeli zinazonasa upande mmoja tu, viatu havikuwepo. Jamaa mmoja ananiambia tafuta viatu vya bolti tatu, mwingine anasema bolti mbili. Nimsikilize nani? (Msomaji, Nkuhungu)

Salama kaka, karibu sana Dodoma. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea familia yake. Kuna familia ya bolti tatu, hiyo ndo ya resi, kliti yake ni plastiki kubwa pembe tatu inayotokeza chini ya soli, kama SPD-SL ya Shimano au Keo ya Look. Na kuna familia ya bolti mbili, kliti ndogo ya chuma iliyozama ndani ya soli, hiyo ni SPD ya Shimano, Crankbrothers, Time ATAC na wenzao, na hii ndo ya mlimani, ya vumbini na ya mtu anayeshuka akatembea. Zako zinazonasa upande mmoja zinaweza kuwa za bolti tatu, lakini usikisie, geuza pedeli usome jina lake kabla hujatoa hela ya viatu.

Sasa sikiliza mtego unaowala watu hela. Bolti kulingana haina maana kwamba kliti na pedeli zitaelewana! Kiatu cha bolti tatu kinapokea kliti ya Shimano na kinapokea kliti ya Look, sawa, lakini kliti ya Look hainasi kwenye pedeli ya Shimano na ya Shimano hainasi kwenye Look. Huku kwenye bolti mbili ni hivyohivyo, kliti ya Crankbrothers haiingii pedeli ya SPD. Kiatu ni cha familia, kliti ni ya pedeli, ukilishika hilo umemaliza nusu ya kazi. Na rangi nazo zinadanganya: kwa Shimano ya resi kliti nyekundu haichezi kabisa, yaani kisigino hakisogei pembeni ukiwa umenasa, nyuzi 0, ya bluu inacheza nyuzi 2, ya njano nyuzi 6, ila kwa Look Keo nyekundu ndo inayocheza kuliko zote, nyuzi 9, ya kijivu 4.5 na nyeusi 0. Nimekutana na mtu aliyehama kutoka Shimano kwenda Look akaagiza nyekundu kwa mazoea, halafu akashangaa mguu unaelea.

Ushauri wangu kwako, kwa njia hiyo ya Nkuhungu mpaka Mtumba, ni kilomita kama 20 na ushee kwenda tu, ni bolti mbili. Nitakuambia kwanini, na sababu ya kwanza ni mbigili. Wewe umetoka Pwani labda hujazijua vizuri, subiri mvua ziishe zikauke, ukitoka kwenye lami hatua mbili tu tairi limeshakula tatu nne, na ukiishiwa viraka utatembea. Kutembea na kliti za plastiki kwenye changarawe ni kuzila wakati huohuo unateleza, maana kisigino kiko chini na vidole viko juu, halafu ukifika ofisini kuna marumaru, hapo ndo utajua. Mimi nilitembea kutoka Ihumwa mpaka kwenye gereji ya kwanza nikiwa na kliti za resi, pancha mbili mfululizo, na nilipofika ile plastiki ya mbele ilikuwa imelika kiasi kwamba kesho yake ikawa inachomoka nikikanyaga kwa nguvu. Tangu siku hiyo za resi nazivaa siku ya mazoezi marefu ya lami tu, ambayo najua kuna gari nyuma yetu.

Kama pesa ni ya pedeli moja tu, tafuta zile za SPD ambazo upande mmoja zinanasa na upande wa pili ni bapa. Jumamosi unataka kwenda sokoni Majengo na ndala, unageuza tu unakanyaga. Kama utakuwa unavaa viatu vyake kila siku basi chukua za kunasa pande zote mbili, zinarahisisha kwenye mataa kwasababu huangalii chini kutafuta upande. Uzito wa pedeli usikusumbue kabisa kaka, kwa safari ya kazini hautausikia.

Shikamoo anko, nasoma UDOM. Kuna mwenzangu anasema ukivaa hizo kitu mwendo unaongezeka sana kwasababu unavuta pedeli juu pia. Ni kweli? Na zinaitwa klipulesi, maana yake hazina klipu, sasa mbona zinanasa? Afu mimi naogopa kuanguka, nisikufiche.

Marahaba mwanangu. Nianze na jina maana limechanganya wengi. Zamani waendesha resi walikuwa wanaingiza vidole kwenye kikapu cha chuma kilichofungwa juu ya pedeli na kukaza kwa mkanda wa ngozi, kile kikapu ndo kilikuwa kinaitwa klipu, na kujitoa ilibidi uiname ulegeze mkanda kwa mkono, fikiria hiyo ukiwa kwenye msongamano. Halafu kampuni ya Look ya Ufaransa, ambao walikuwa watengenezaji wa vifaa vya kufungia viatu kwenye mbao za kuteleza thelujini, wakachukua maarifa yaleyale wakatoa pedeli mwaka 1984, na mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Kile kikapu kikaondoka, ndo maana wakaziita zisizo na klipu. Shimano wakaja na SPD mwaka 1990 na hapo watu wa mlimani na wao wakapata yao.

Kuhusu kuvuta juu, mwenzako amezidisha chumvi. Ukiwa unaenda mwendo wa kawaida nguvu karibu yote inatoka kwenye kusukuma chini, huo mguu unaopanda kazi yake kubwa ni kujipunguzia uzito usilemee mwenzake. Faida ninayoiona mimi ni nyingine kabisa: mguu haukimbii. Ukipanda kilima cha kwenda chuoni hapo umesimama juu ya pedeli, au ukizungusha haraka, au barabara ina makorogesho inakurusha, mguu unabaki palepale ulipouweka, na soli ngumu haijikunji kwahiyo hauchomwi katikati ya unyayo. Hiyo tu inatosha kuzipenda, lakini ukitegemea kwamba utawapita watu wote siku ya kwanza utaumia roho. Kama bado huna helmeti nzuri na breki zako zinapiga kelele, hela hiyo ipeleke huko kwanza.

Kuanguka sasa. Wengi wanaanguka mara moja au mbili, na karibu kila mara ni wakiwa wamesimama, sio wakiwa mbioni, akili inasema weka mguu chini na mguu unavuta juu badala ya kusokota. Springi haijali ukivuta juu, inataka kisigino kitoke nje. Kwahiyo fanya hivi, shikilia ukuta au nguzo nje ya hosteli, nasa mguu mmoja, nasua, nasa, nasua, mara 20, halafu mguu wa pili mara 20, halafu nenda kwenye nyasi au kiwanja cha mpira uzunguke polepole ukinasua kila unapokaribia goli. Kabla ya yote hayo chukua alenki namba 3, kwenye pedeli za SPD kuna skrubu ndogo ya kukaza springi, legeza kuelekea kwenye alama ya kutoa mpaka iwe laini, na zile za pande mbili zina skrubu mbili kila pedeli, usisahau upande wa pili maana utajikuta upande mmoja unatoka vizuri na mwingine umeng'ang'ania. Shimano wana kliti pia inaitwa SH56, hiyo inaachia ukisokota pande nyingi sio nje tu, kwa mtu anayeanza na mwenye hofu kama wewe ningeanza na hiyo. SH51 ya kawaida utaijia baadaye.

Na njiani jifunze kunasua mapema. Ukiona mataa yako mbali kidogo, mguu mmoja uwe nje tayari, uleule kila siku ili mwili uzoee. Ukiona korongo lenye mchanga mbele yako, vivyo hivyo, usisubiri gurudumu la mbele lizame ndo uanze kukumbuka.

Dada mhariri au kaka sijui, naomba nisaidiwe viatu. Miguu yangu ni mipana na kila kiatu cha baiskeli nikijaribu kinabana kidole kidogo. Nanunua mitumba Sabasaba maana vipya siwezi. Niangalie nini? (Msomaji wa kike, Ilazo)

Ni kaka, dada yangu, na swali lako ndo la maana kuliko yote ukurasa huu, kwasababu watu wanahangaika wiki nzima na pedeli halafu kiatu wananunua kwa dakika 5. Pedeli mbaya unaweza kuivumilia mwaka mzima ila kiatu kinachobana kwenye joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja huvumilii hata kufika Chamwino.

Nenda kujaribu jioni, sio asubuhi, maana mguu unavimba kadiri siku inavyoenda na ukiendesha juani unavimba zaidi. Vaa soksi zilezile utakazoendeshea. Simama, kisigino kisipande ndani ya kiatu, vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza mbele, na pembeni pale kwenye kidole kidogo pasikandamize hata kidogo, kwasababu soli ya kiatu cha baiskeli ni ngumu na haitanyumbuka kukufuata kama raba, wanaokuambia kitaachia wanakudanganya. Usidanganyike pia na kupanda namba mbili juu ili upate upana, utapata urefu usiouhitaji na sehemu ya kufunga kliti itakuwa mbele mno ya mahali pake. Shimano wanatoa baadhi ya viatu kwa umbo pana, na kampuni inayoitwa Lake wanasifika kwa hilo, kwahiyo ukiona jina hilo kwenye fungu usilipite bila kulipima. Viatu vya kiume navyo vijaribu, mara nyingi vina upana kuliko vya kike vya urefu uleule, hakuna atakayekuuliza.

Kwa mitumba sasa, pindua kiatu. Ukiona mifereji miwili midogo katikati ya soli na ndani yake matundu manne ya bolti, hicho ni cha bolti mbili, watu wanahesabu manne wanachanganyikiwa, yale ni mawili ya mbele na mawili ya nyuma ili uchague pa kufunga. Matundu matatu yaliyokaa pembe tatu ni ya resi. Vingine vina vyote na hivyo ni bahati. Kama pamefunikwa na kipande cha raba, hicho kinakatwa kwa kisu, kiatu hakijawahi kutumika na kliti, furahi. Halafu nyanyua soli ya ndani uangalie kile kibati chenye nyuzi za bolti bado kipo, kikipotea hauna pa kufunga kitu. Kama kuna kliti ya zamani imegandia na kutu na vichwa vya bolti vimelika, punguza bei au acha. Mwisho kunja kiatu kidogo na ubonyeze soli kwa kucha, viatu vilivyokaa stoo miaka mingi soli yake inamomonyoka kama mkate mkavu, kwa macho kizuri kabisa, siku ya tatu kinaachia barabarani.

Kamba, velkro, au ile dayali ya kuzungusha ya BOA, zote zinafunga. Mimi napenda velkro kwa mazingira yetu, vumbi haliisumbui sana na fundi viatu yeyote anaishonea.

Mwalimu hapa Bahi. Nimefunga SPD mwenyewe wiki tatu zilizopita, goti la kulia limeanza kuuma, awali na pedeli za kawaida halikuwa linauma hata siku moja. Nikasikia nizikaze zaidi, nimekaza, ndo limezidi.

Pole sana mwalimu. Anza kwa kulegeza hiyo springi, kuikaza hakuponyi goti, kunakulazimisha tu usokote kwa nguvu kila unapotoka, na hilo goti lishachoka. Halafu usiendeshe safari ndefu mpaka tumalize hili.

Kwenye pedeli ya kawaida mguu wako ulikuwa unajichagulia pa kukaa, kama unachanua kidogo kwa nje ulichanua. Sasa umeufunga, na kama kliti imeuelekeza mguu kule usikotaka basi goti ndo linasokotwa kila mzunguko, na kwa saa moja mguu unazunguka mara 4,000 na zaidi, ndo maana kosa la milimita chache linaleta maumivu. Kaa juu ya meza miguu ining'inie bure, angalia vidole vya kulia vinaelekea wapi, vya kushoto vinaelekea wapi, usishangae vikitofautiana. Kliti iufuate mguu huo, usiilazimishe inyooke mbele kwasababu tu inapendeza machoni. Kipimo kizuri ni hiki: ukiwa umenasa na unazungusha, unaweza kucheza kisigino kidogo ndani na kidogo nje kabla hakijaachia? Kama upande mmoja kinagonga ukuta moja kwa moja, zungusha kliti kidogo kuupa nafasi.

Mbele na nyuma nako kupime. Vaa kiatu, papasa lile bonge la mfupa nyuma ya kidole gumba na lile la nyuma ya kidole kidogo, weka alama pembeni ya kiatu kwa kalamu. Katikati ya kliti ikae kati ya alama hizo mbili. Ukiwa na shaka irudishe nyuma kidogo, usiipeleke mbele, ikiwa mbele mno vigimbi na mshipa wa kisigino vinabeba mzigo, na vidole vinakufa ganzi.

Kitu cha tatu ambacho watu wanasahau, siti. Umebadilisha pedeli na umebadilisha unene wa soli, kwahiyo umbali kutoka siti mpaka unyayo umebadilika. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanamaanisha siti iko chini, ya nyuma ya goti iko juu. Hukuniambia lako liko wapi kwahiyo angalia mwenyewe, sogeza milimita 3 tu, endesha siku mbili, usibadilishe vitu viwili kwa mpigo maana hutajua kipi kimekusaidia. Likiendelea kuuma ukiwa umepumzika, au likivimba, nenda hospitali, hapo sio suala la kliti tena.

Na kwasababu uko Bahi nakuongezea hili, masika ule udongo mweusi wa mbuga unajaza kliti mpaka hainasi. Gonga kiatu kwenye pedeli, choma na kijiti, endelea. Pedeli za Crankbrothers zina uwazi mkubwa zaidi na tope linapita, ndo zinapendwa na watu wa matope. Kila wiki kagua bolti za kliti kwa alenki namba 4, zipake grisi kidogo kabla ya kufunga na uzikaze imara. Nisikilize vizuri hapa mwalimu: bolti moja ikidondoka, kiatu kinazunguka peke yake na kliti inabaki palepale kwenye pedeli, unasokota kisigino na hakuna kinachotokea. Ilinikuta barabara ya Iringa nikitokea Bihawana, lori liko nyuma, nikasokota, nikasokota tena, nikaanguka upande wa majani kwa mapenzi ya Mungu. Ikikutokea usipambane na pedeli, endelea kuzungusha taratibu, tafuta mahali salama, fungua kiatu utoe mguu, kiatu kibaki kimening'inia.

Mwanangu ana miaka 11, ameona kwenye simu anataka. Nimnunulie? (Mama, Kisasa)

Hapana mama, bado. Mguu wake unakua, kiatu kitamtosha miezi michache tu, na kwa umri huo ni bora ajifunze kuimudu baiskeli na pedeli bapa pana zenye meno ya kushika kiatu. Wapo watu wazima wanaoruka milima na pedeli bapa maisha yao yote na hawapungukiwi kitu.

Mkuu, mimi fundi hapa Kizota. Mteja kaleta pedeli mpya za kunasa, ya kulia imeingia, ya kushoto inagoma, nimepaka grisi nimeishia kuharibu nyuzi mbili za mwanzo. Pedeli feki?

Sio feki fundi wangu, pole. Pedeli ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, kwa baiskeli zote, inakazwa kwa kuzungusha kinyume na saa na inafunguliwa kwa kufuata saa. Zina herufi L na R kwenye ekseli, angalia usije ukawa umezibadilishana pia, kosa hilo ndo linalokula krenki (ule mkono unaobeba pedeli) nyingi mjini hapa. Na kama ni baiskeli ya mtoto au yenye krenki ya kipande kimoja, pima kwanza, hizo mara nyingi zina tundu la nusu inchi wakati pedeli hizi ni 9/16 ya inchi, haziwezi kuingia hata ukipaka grisi debe.

Kwa hiyo iliyoumia, ingiza tepu (kile chuma cha kukatia nyuzi) ya kushoto ya 9/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi kutokea upande wa ndani wa krenki, upande ambao nyuzi bado ni nzima, itanyoosha zile mbili ikitoka nje. Halafu anza kwa vidole, bila spana, mpaka mizunguko mitatu minne iingie laini. Ikigoma kwa vidole simama, toa, anza upya. Ndo uje na spana namba 15, au alenki ya 6 au ya 8 kwa nyuma kama pedeli haina pa kushika spana.